Bei Iliyosomwa Mbele ya Altare

Mama yangu hakuweza kupita karibu na kitanda kisichotandikwa. Hata ukimwalika kwako, ukamkaribisha chai, jicho lake lilikuwa linakimbilia chumbani kama mlango uko wazi, na kabla kikombe hakijapoa alikuwa ameshaingia kunyoosha mashuka yako. Watu walimzoea. Mimi sikumzoea, maana kitanda kilichomkera kuliko vyote kilikuwa changu.

Lakini jambo hili halikuanza kama mchezo. Lilianza wakati wa vita vya kwanza vya nchi yetu, dada yangu mdogo aliposhikwa na homa tukampeleka hospitali. Siku zile watu walikuwa wamepora kila kitu pale, mpaka mashuka. Dada yangu alifia juu ya godoro tupu, lile la plastiki linalonata mgongoni. Juu ya dawa Mama hakulalamika sana, alisema dawa zilikosekana mji mzima. Alichoshindwa kumeza ni lile godoro. Matanga yalipokwisha alikusanya mashuka ya nyumbani kwetu, akapanda nayo hospitali, akatandikia watu asiowajua. Nilipomuuliza sisi tutalalia nini, alinijibu kwamba sisi tuko wazima.

Bamama, yaani akina mama, wa shirika letu wakamfuata. Shirika, kwetu sisi Wakatoliki wa Bukavu, ni zile nyumba chache za jirani zinazosali pamoja kila wiki na kujuana mpaka nani amepika nini. Mmoja alileta shuka, mwingine sabuni, mwingine mikono tu. Walifulia nyuma ya hospitali kwenye masinki ya saruji, na maji ya bomba yakikatika walibeba mabeseni kichwani mpaka ziwani. Walianika juu ya majani ya uzio. Mashuka yakikauka hawakuyaacha mlangoni kwa muuguzi. Waliingia wenyewe wodini, wawili wawili, mmoja upande huu na mmoja upande ule, wakamgeuza mgonjwa polepole na kumtandikia akiwa palepale, huku wakimuuliza habari za kwao Mumosho au Nyantende. Hakuna aliyewalipa, na hakuna aliyewahi kuuliza kama walipwe.

Vita vya pili vikatukuta bado wanafua. Mji ukawa mikononi mwa waasi, mimi nikawa mwalimu wa sekondari ninayelipwa na wazazi wa wanafunzi pale wanapoweza, na Mama akawa amezeeka kidogo na kuwa mbishi zaidi. Ndipo daktari mkubwa wa hospitali alipomwita. Alimweleza, kwa aibu nyingi, kwamba kuna wazungu wa misaada wamekubali kugharamia usafi wa hospitali, lakini wana masharti yao. Kazi ya mashuka itatolewa kwa mkataba. Atakayetaka aandike bei yake, aifunge katika bahasha, na bahasha zitafunguliwa mbele ya watu wote katika ofisi ya afya ya mkoa. Vitabuni huitwa zabuni. Sisi tulisema appel d'offres, na tulisema kwa hofu. Na atakayeshinda, ni watu wake peke yao watakaoruhusiwa kuingia wodini. Wengine wote, hata wenye moyo mzuri, watabaki nje ya geti.

Mama alirudi nyumbani, akakaa jikoni. Nilijua alikuwa anaona nini. Alikuwa anaona mtu mwingine anachukua mashuka yake, anayafua vizuri au vibaya, anayaacha yamekunjwa stoo, na mgonjwa analala juu ya plastiki kwa sababu hakuna aliyeandikwa kumtandikia. Baadaye aliniuliza kama mimi, pamoja na Kifaransa changu chote, ningeweza kuandika hiyo karatasi.

Niliweza, ila tuligombana mpaka majirani wakajua. Kikundi kilikuwa na karatasi yake ya kutambuliwa na komine, ile serikali ya mtaa, hiyo haikuwa shida. Shida ilikuwa bei. Bamama walitaka tuandike sabuni peke yake. Nikawauliza mikono yao iko ya nani. Wakacheka, wakasema mikono ni ya Mungu. Nikasema Mungu hataleta muhogo jioni, na kwamba anayeandika bei ya sabuni tu atashindwa mwezi wa pili, kisha atafukuzwa kwa haki kabisa. Niliwaeleza kwamba kundi la kujitolea likiomba kazi ya serikali linapaswa kuhesabu yote: sabuni, mkaa wa pasi, uzi wa kushonea, nauli, siku ya mtu aliyeugua, na mshahara. Mmoja alisema akilipwa kwa mashuka ya wagonjwa ataona haya mbele ya Bikira Maria. Nilimwambia Bikira Maria hana nyumba ya kulipia kodi Kadutu. Mama alinitolea macho kwa neno hilo, lakini mshahara uliingia.

Ugomvi wa pili niliupoteza mimi. Maelezo ya kazi yaliyotolewa na ofisi yalisema hivi: kuchukua mashuka machafu, kufua, kukausha, kupiga pasi, kurudisha. Mama alitaka niongeze kutandika. Nikamwambia hawakuuliza kutandika, kwamba mtu huandika alichoulizwa, na kwamba kutandika vitanda vyote vile kunaongeza masaa na masaa yanaongeza bei. Akasema niongeze. Nikaongeza, na bei ikapanda, na mimi nikanuna. Nilipiga yote kwa mashine ya kuandikia ya parokia, ile iliyokuwa imepoteza herufi ya é, kila alama nikaitia kwa kalamu. Tukafunga bahasha, tukagonga muhuri juu ya mfuniko. Ilikuwa Jumamosi, na bahasha zilitakiwa Jumatatu asubuhi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo Bukavu inapokuwa Bukavu. Katika parokia yetu, mwenye nia ya kuombewa aliandika karatasi, akaitia katika bahasha, akaiweka ndani ya kikapu mbele ya altare kabla ya misa. Mama aliona haifai bahasha ile iende ofisini bila kupita mbele ya Mungu kwanza. Hakunishirikisha. Jumapili aliitia ndani ya kikapu, chini kabisa, akiwa na mpango wa kuichukua misa ikiisha, imebarikiwa, haijaguswa.

Katekista wetu alikuwa mzee mwaminifu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kazi yake ilikuwa kufungua bahasha za kikapu wakati wa sala za waamini na kuzisoma moja baada ya nyingine, nasi tuitikie. Alisoma ya mjane, tukaitikia. Alisoma ya waliokimbia Mwenga, tukaitikia. Kisha nikaona anararua bahasha nene, ya kaki, yenye muhuri. Ilikuwa yetu. Nikamtazama Mama, na Mama alikuwa amefumba macho anasali.

Iliandikwa kwa Kifaransa, lakini katekista hakuwa mtu wa kushindwa na Kifaransa. Alitafsiri palepale, kwa sauti ileile ya kuombea wafu. Akasema kwamba sisi tuliotia sahihi hapa chini tunaleta kwa heshima ombi letu la kufua mashuka ya hospitali. Kanisa zima likajibu:

“Ee Bwana, twakuomba utusikie.”

Akasema kwamba tunaahidi kukausha, kupiga pasi na kutandika. Twakuomba utusikie. Akasoma bei. Hapo watu walisita kidogo, nikasikia mtu nyuma yangu anauliza jirani yake kama ni kwa mwezi au kwa mwaka, lakini wakaitikia. Akasoma kwamba malipo yafanyike kila mwisho wa mwezi bila kuchelewa. Hilo, kanisa liliitikia kwa nguvu kuliko yote, hasa walimu na wauguzi. Mama alikuwa ameshafumbua macho, amefunika mdomo kwa kitenge. Mimi nilitamani benchi linimeze.

Na katika benchi la tatu, amevaa koti lake zuri, alikaa mfanyabiashara wa sabuni, mtu wa Kadutu mwenye depo kubwa. Mji wote ulijua kwamba yeye ndiye mshindani wetu, na kwamba hakuna mwingine. Alisikia bei yetu mpaka mwisho.

Mchana ule nilikaa tena mbele ya mashine, nimekasirika. Nilimwambia Mama kwamba sasa lazima tushushe bei, maana yule ataandika kidogo chini ya yetu na mambo yatakwisha. Mama alikuwa anachambua maharage. Alisema bei imeshasomwa mbele ya altare, na watu wazima wameiombea; akiibadilisha sasa atakuwa amemwambia Mungu uongo. Nikamwambia Mungu hayuko katika kamati ya kufungua bahasha. Akaendelea na maharage yake. Nikapiga bei ileile, tukafunga bahasha nyingine, na safari hii nililala nayo chini ya mto wangu.

Jumatatu ukumbi ulijaa. Nusu ya parokia ilikuwa imekuja kuona kama sala imefika. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu mwembamba wa ofisi, mwenye suti iliyopigwa pasi vizuri na shati lililochakaa kola, mmoja wa wale waliofanya kazi miaka mingi bila mshahara na bado wanafika saa moja na nusu. Alifungua bahasha yetu, akasoma bei, akaweka chini. Akaangalia mlango. Mfanyabiashara wa sabuni hakutokea. Tukangoja. Bamama wakaanza kushikana mikono, na mmoja akaanza kuimba polepole wimbo wa kushukuru.

Mwenyekiti akamnyamazisha. Akaeleza, bila ubaya wowote, kwamba kanuni inataka bahasha mbili kwa uchache. Bei moja haiwezi kulinganishwa na kitu. Zabuni imeshindikana, itatangazwa tena mara moja tu, na ikishindikana tena pesa zitapelekwa hospitali ya Katana na hapa geti litafungwa kwa kila mtu. Basi, wimbo ukafia mdomoni.

Nje, Mama alifunga kitenge chake upya, kwa nguvu, jinsi alivyofanya akikata shauri. Nikamuuliza anaenda wapi. Akasema anaenda kumuomba yule papa, yule bwana wa sabuni, ashindane naye. Nikafikiri huzuni imempanda kichwani. Nikamfuata mpaka Kadutu nikibishana naye njia nzima, nikimweleza kwamba washindani hawaruhusiwi kupatana bei. Akasema hapatani bei na mtu. Yeye ya kwake inajulikana na parokia nzima, na ya yule hataki kuijua.

Tulimkuta depo, amekaa juu ya katoni. Alisimama haraka, akampa Mama kiti, akatuma soda iletwe. Kisha akaanza kujitetea kabla hajaulizwa.

“Maman, hata mimi nilijibu,” alisema. “Nilikuwa mule ndani ya kanisa, nikasema twakuomba utusikie, na mudomo wangu mwenyewe. Sasa nitaenda namna gani kuandika bei ya kukushinda?”

“Uliomba watusikie,” Mama akamjibu. “Lakini hawawezi kunisikia kama niko peke yangu. Njoo, papa. Andika.”

Mfanyabiashara akafikiri. Akauliza, kwa sauti ya chini, itakuwaje yeye akishinda. Mama aliweka soda chini, hajainywa. Halafu akasema akishinda ameshinda, ila asiandike bei ya kumhurumia, maana yule mwenyekiti si mjinga. Alichoomba ni kimoja: kama atashinda yeye, awaambie watu wake wasiache mashuka stoo. Yule bwana alikuna kichwa, akasema yeye anajua sabuni, habari za vitanda hazijui. Mama akaaga. Tulishuka kutoka Kadutu, na mimi, niliyezoea kumgombeza, nilimshika mkono.

Mara ya pili ukumbi ulijaa zaidi. Mfanyabiashara alikuja na koti lilelile. Mwenyekiti alisoma bei yetu, ambayo kila mtu aliijua. Akafungua ya pili, akasoma. Ilikuwa chini ya yetu. Haikuwa chini kwa hila. Ilikuwa chini kama inavyokuwa kwa mtu anayeuza sabuni mwenyewe. Bamama waliinamisha vichwa. Mama hakuinamisha, alikaa ameangalia mbele, na mikono yake juu ya magoti ilikuwa imekufa kabisa.

Lakini yule mtu wa suti hakuwa amemaliza. Alipitisha kalamu juu ya karatasi zetu, mstari kwa mstari. Akamuuliza mfanyabiashara kama bei yake ina kutandika ndani. Akajibu haina, kwani hawakuulizwa. Akamgeukia Mama, akamwambia kwamba kamati inalinganisha kilichoulizwa tu. Kama kikundi kinakubali kufuta mstari wa kutandika na masaa yake, bei yetu inashuka chini ya ile nyingine na kazi ni yetu. Kama hakikubali, kazi inaenda kwa yule papa. Aseme sasa.

Mimi karibu nipige kelele akubali. Ndicho nilichomwambia tangu mwanzo, usiandike usichoulizwa! Nikamsukuma kwa kiwiko. Mama alisimama, na nikaona anashikilia mgongo wa kiti cha mbele.

“Mufute bei,” alisema. “Kazi musifute.”

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Alieleza kwamba hawezi kuandika kazi isiyo na bei, kwamba wakaguzi watamuuliza.

“Basi musiandike,” Mama akasema. “Tutakuwa tunaingia kuchukua yenye uchafu, ni ndiyo? Mutatuona tu.”

Mwenyekiti akachukua tena kalamu, akachora mstari juu ya neno lile, taratibu, akampa kalamu atie sahihi pembeni. Mfanyabiashara wa sabuni ndiye aliyeanza kupiga makofi, na kabla hatujatoka alikuwa ameshamuuliza Mama kama kikundi tayari kina mtu wa kukiuzia sabuni. Nilimwonea hasira Mama kwa yale masaa yote aliyoyatoa bure, masaa niliyoyahesabu kwa jasho langu. Nilimpenda pia, kwa kiasi ambacho kilinikera.

Kuna jambo sijalisema. Miaka yote ile Mama alitandika wodi ya wanaume, ya wanawake, ya waliopasuliwa, hata ya kifua kikuu ambayo wengine waliikwepa. Chumba cha watoto hakukanyaga. Bamama wengine walimfanyia, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini. Lakini sasa alikuwa ametia sahihi, na mkataba ulitaka msimamizi apite kila chumba, siku ya kwanza ya kazi, aone mashuka yaliyopo pamoja na muuguzi. Nilimwambia nitapita mimi kwa niaba yake. Akasema sahihi si yangu.

Tulimaliza vyumba vingine vyote kwanza. Mlangoni kwa watoto alisimama, akarekebisha kitambaa cha kichwa kilichokuwa kimekaa sawa. Muuguzi alishaingia. Nilidhani Mama atarudi, na nisingemlaumu. Akaingia.

Karibu na dirisha alilala msichana mwembamba, macho makubwa ya homa, shuka limejikunja lote miguuni na mgongo wake juu ya plastiki. Mama yake alikuwa amekaa ukingoni, amechoka kupita kiasi. Mama yangu aliangalia lile godoro. Kisha akaweka mkoba wake chini, akashika pembe moja ya shuka, akaniangalia mpaka nikazunguka upande wa pili na kushika nyingine. Yule mwanamke aliuliza kama siku hizi hospitali inalipa watu wa kutandika.

“Hii hawalipe,” Mama akasema.

Akainama, akapitisha mkono wake chini ya mgongo wa yule mtoto.

“Inuka kidogo, maman,” akamwambia mtoto, jinsi tunavyowaita wasichana wadogo kwetu. “Inuka kidogo.”